Koo

Wanaosema ulimi hauna mfupa
hawajawahi kusimama kwenye meza yangu.
Huu hapa: mwembamba, umepinda kama mwezi wa siku tatu,
haukuungana na mfupa mwingine wowote,
unaning'inia kwa misuli tu,
na ulimi mzima umeukalia.

Ni wa kima jike, namba arobaini na moja,
aliyekufa Januari kwa baridi
mlimani nyuma ya maabara, Inuyama.
Bi Shizuyo, aliyemlisha viazi vitamu miaka kumi na tisa,
alimleta kifuani, ndani ya taulo la buluu.
"Mkate taratibu," akasema. "Alikuwa msemaji."
Msemaji!
Nilicheka, halafu nikaona haya.

Nikafungua zoloto kwa mkasi mdogo.
Nyuzi mbili za sauti, kama zangu,
na ukingoni mwa kila uzi, utepe:
ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Huo ndio uliompa yowe la kuvuka mto Kiso.
Huo huo ndio uliomchania sauti
kila alipotaka kuituliza.
Chini ya mfupa, kifuko cha hewa,
kimenywea kama puto siku ya pili ya sherehe.

Sisi hatuna utepe. Hatuna kifuko.
Mahali fulani njiani vilitudondoka
na hakuna aliyegeuka kuviokota.
Zoloto likashuka shingoni kama ndoo kisimani,
sauti ikapata ua wa kutembea,
nasi tukaanza kupaliwa.
Kila mwaka mpya, mjini kwetu,
keki ya mchele humkaba mzee mmoja au wawili.
Ndiyo kodi.

Mwenzangu wa eksirei anabisha.
Anasema kinywa cha kima kingeweza:
a, i, u,
vyumba vyote vimo, milango iko wazi,
aliyekosekana ni mpangaji.
Labda.
Mimi naijua nyumba nyingine
ambamo mpangaji yumo, na milango ndiyo iliyong'olewa.

Oktoba walimtoa baba yangu zoloto.
Daktari, kwa kuijua kazi yangu,
aliniuliza kwa heshima kama ningependa kuliona.
Nilikataa. Nilitazama viatu vyake.
Koo lile lilitangaza treni miaka thelathini na mbili:
Naka, Kagamigahara, Unuma, Sakahogi,
kila jina likivutwa mwishoni
kama mtu anayekunja shuka.
Sasa anapumua kwa tundu chini ya kola,
amelifunika kwa kitambaa alichofuma dada yake.

Jumanne huenda ukumbi wa kata, ghorofa ya pili,
wanaume kumi na mmoja na mwanamke mmoja,
wote wamepasuliwa palepale.
Hufunzwa kumeza hewa na kuirudisha,
umio litetemeke badala ya nyuzi.
Kucheua, basi. Tuliochapwa utotoni kwa kucheua mezani
tunawapigia makofi.
Neno la kwanza wanalofundishwa ni chai.
*Ocha.*
Wiki saba hakutoa kitu,
ila mate, na hasira, na mkono uliopiga meza.

Leo jioni nimerudi na harufu ya dawa vidoleni.
Namba arobaini na moja yumo chupani, ana lebo kwa mwandiko wangu.
Koo mbili za ukoo mmoja:
lile lenye kila kitu, kimya tangu lilipoumbwa,
na hili lisilo na kitu,
linakusanya hewa mbele yangu, mashavu yamejaa,
mishipa imesimama,
"O,"
akapumzika,
"cha."

Niliruka. Nikamwaga nusu ya birika,
nikajaza kikombe, nikakisukuma kwake kwa mikono miwili.

Akatikisa kichwa.
Hakuwa na kiu.
Alikuwa anasema tu.